Abti, Garissa Inadaiwa Mtoto Mmoja

Minneapolis, Januari

Abti, mjomba wangu,

Nasikia huko jilaal imekaza, mbuzi wanashuka Tana kunywa na wanarudi na kiu ileile. Hapa pia ni jilaal. Ndivyo kamusi zinavyodai: neno letu la jua na vumbi, likivuka bahari linageuka majira ya theluji. Leo ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki, maana kadi hiyo haina kazi nyingine tangu niwatumie pesa za arusi.

Waambie wale wa kijiweni wanaoeneza kwamba mimi ni daktari: mimi ni mkalimani wa simu. Daktari yuko kliniki na mgonjwa wake, mimi niko chumbani na soksi mbilimbili. Mgonjwa asemalo kwa Kisomali nalirudisha kwa Kiingereza. Kazi nyepesi, hadi siku mama mmoja aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Ifo, Dadaab (usiniulize ni wa ukoo gani, nimekula kiapo) alipoulizwa amewahi kuugua nini, akajibu kwa neno moja: buufis.

Ninyi mnaishi na Dadaab, hamhitaji mkalimani. Tangu kambi zianze mwaka 1991, nani hamjui mtu wa Hagadera au Dagahaley aliyesikia kwamba jina lake limetoka kwenda Marekani, akaacha kula, akaacha duka, akagawa godoro, na ndege isije? Neno limetokana na kupuliza, kujaza upepo. Mtu anajazwa Marekani mpaka hata chai haipati pa kupita. Mtafiti Cindy Horst alilichambua katika kitabu chake cha 2006 kuhusu Wasomali wa Dadaab. Yeye alikuwa na kitabu kizima. Mimi nilikuwa na daktari anayetazama saa.

"Linaambukiza?"

Nikasema sana, hasa binamu akituma picha ameegemea gari.

"Dalili zake?"

"Halali. Anatembea usiku. Anaishi Ifo lakini anajua bei ya nyumba Ohio."

"Alipona kwa dawa gani?"

"Viza."

Daktari akanyamaza, kisha akauliza kwa adabu kama kweli mgonjwa amesema hayo yote, kwani yeye alisikia neno moja tu. Mama naye akaniuliza kwa nini namsimulia mzungu habari zake za siri. Nimebaki katikati, Abti, kama ng'ombe aliyeuzwa mara mbili.

Hata huruma sipati. Wazee wa Mogadishu hapa mtaani Cedar-Riverside wakisikia natoka Garissa, wananiita Sijui. Wasomali wote wa Kenya wanatuitia hivyo hivyo, eti kwa sababu ya Kiswahili chetu. Watu wengine wamepewa majina ya babu zao, sisi tumepewa la kukosa jibu.

Sasa shida iliyonifanya niandike. Jirani yangu ana mwana wa miaka 16 aliyeanza kumjibu mama yake kwa mabega. Mama amekata shauri: dhaqan celis, arudishwe nyumbani utamaduni umshike tena. Nikaambiwa nikamweleze mwalimu wake.

"Ni likizo?" Sivyo hasa. "Ni adhabu?" Mama anasema ni zawadi. "Ni shule?" Kuna madrasa, na kuna mbuzi. Mwalimu akafikiri, akaandika kwenye fomu: mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mama akatia sahihi kwa furaha.

Basi mtampokea nyie. Atateremka kwenye basi la kutoka Eastleigh akiwa na visikizi masikioni, vitoeni polepole. Maziwa ya ngamia asianzie kwa suusac yaliyochacha, aanze na mabichi, tumbo lake ni la hapa. Asiachwe aende soko la Suuq Mugdi peke yake, atanunua kila anachoambiwa.

Na kwa kuwa kwenye karatasi ni kubadilishana, Garissa inadaiwa mtoto mmoja. Hilo usilitamke mtaani Bulla Iftin kabla sijawasili.

Mpwa wako,
Sijui wa Minneapolis