Vunja Mguu, Mjukuu Wangu

Kiingereza cha mama mkwe wangu ni cha wodini. Alikuwa nesi Tanga, upande wa majeruhi, kwa hiyo kuagiza chai mkahawani kunamshinda, lakini mtajie nyonga, goti au plasta, mtaelewana mpaka jioni. "Mguu" na "kuvunjika" ndiyo maneno ambayo hawezi kuyasikia vibaya.

Huyo ndiye tuliyempeleka kwenye mchezo wa kuigiza wa shule ya mjukuu wake, Leicester, Uingereza. Zuhura alikuwa kondoo. Hakuwa na la kusema ila "mee", lakini bibi mtu alivaa doti mpya ya kanga chini ya koti zito la baridi. Nyuma ya pazia mwalimu akapita akiwagusa watoto mabegani, akimwambia kila mmoja kwa bashasha: "Break a leg!"

"Audhubillahi!" Mama mkwe akamvuta kondoo wake. "Baba Zuhura, umesikia? Anamwapiza mtoto, tena anacheka!"

Nikamwambia ni dua njema. Akanitazama kama mgonjwa aliyeanza kuweweseka. Huku jukwaani wachungaji wanahangaika kumtafuta kondoo, kondoo mwenyewe yuko koridoni anasomewa sura ya Falaq.

Waigizaji wa Uingereza huona ni mkosi kumtakia mwenzao heri waziwazi, basi humtakia shari ili heri ije yenyewe. Miiko wanayo tele. Macbeth ya Shakespeare haitajwi jina ndani ya ukumbi, huitwa "ule mchezo wa Kiskoti", na nyuma ya jukwaa hapigi mtu mluzi. Wajerumani ndio wamezidi: wao hukutakia shingo na mguu kwa pamoja. Wapo wanaodai chanzo cha "break a leg" ni John Wilkes Booth, mwigizaji aliyemuua Rais Lincoln mwaka 1865, akarukia jukwaani na kuvunjika mguu. Siiamini hadithi hiyo. Nani atamtakia rafiki yake bahati ya Booth? Mwaka 1921 Robert Lynd, mwandishi wa Ireland, aliitaja dua ya namna hiyo kuwa ni desturi ya watu wa mbio za farasi, na kwa farasi mguu kuvunjika si mzaha hata kidogo.

Nilimsimulia yote hayo ndani ya basi. Akanisikiliza, akasonya.

"Kumbe wanaogopa husda tu. Si ungesema tangu mwanzo?"

Kwao Tanga mtoto mnono hasifiwi bila mashaallah, na nyoka usiku huitwa kamba. Alichokuwa hakijui ni kwamba na Wazungu wanaogopa.

Tangu hapo amewapita wenye lugha yao. Mke wangu alipokwenda kwenye usaili wa kazi, mama yake mzazi alimsindikiza hadi mlangoni: "Vunjika mguu, mwanangu, na kiuno ukiweza." Hilo halikuwa na neno, na kazi akapata. Tatizo ni jirani yetu, mzee wa watu, aliyekuwa akiingia kwenye teksi na magongo yake kwenda kupasuliwa goti. Mama mkwe alimfungulia mlango, akampigapiga begani, akamwombea dua ileile kwa Kiingereza safi cha wodini.

Mzee amepona, lakini salamu zetu haitikii. Kwa hiyo, msomaji, msemo huu ni wa jukwaani, na siku hizi hata wa mtihani na usaili. Anayekwenda kwa daktari wa mifupa mwambie pole.