Risala ya Kuusifu Waya wa USB

Itifaki imezingatiwa. Waheshimiwa ruta, spika, hedifoni na simu janja mliohudhuria, kila mmoja kwa cheo chake na kwa bei yake, naomba radhi kwamba mgeni rasmi wa leo hakuja na msafara. Amekuja ndani ya kifuko cha plastiki kilichobanwa kwa pini, amechambuliwa kutoka kwenye boksi la nyaya wenzake pale Kariakoo, na bei yake haijaachana sana na ya sahani ya chipsi mayai. Dukani anaitwa ekstensheni ya USB, dume huku na jike kule, na muuzaji hamtazami hata usoni anapomkabidhi. "Ya mita ngapi, kaka?" Basi. Hakuna waranti, hakuna kijitabu cha maelekezo, hakuna picha ya mtu anayetabasamu kwenye boksi, kwa sababu hata boksi hakuna.

Lucian wa Samosata alimsifu nzi tangu karne ya 2, na Erasmus wa Rotterdam akausifu ujinga kwa kitabu kizima mwaka 1511. Nzi ana mbawa na ujinga una wafuasi. Waya huu hauna chochote, na ndiyo maana nimeshika maikrofoni.

Wanaomhitaji mgeni wetu ni jamii ndogo ya watu walioitenga kompyuta yao. Mwingine kaihamisha kwa sababu ya joto. Dar es Salaam ya mwezi wa pili haihitaji kasha jingine la kupuliza hewa ya moto chini ya meza. Mwingine ana watoto wanaopenda kubonyeza chochote chenye taa. Mimi nasoma matangazo na vitabu vya kusikiliza, na maikrofoni nzuri haina adabu: inasikia feni, inasikia friji, inasikia kunguru wa jirani. Kunguru sina ubavu naye. Kompyuta niliipeleka stoo, nyuma ya ukuta wa tofali za inchi 6. Kioo kikabaki mezani na waya wake mrefu wa HDMI, na vilivyobaki, yaani kibodi, kipanya na hedifoni za kuhariria, vikawa vya Bluetooth, maana ndivyo tulivyoahidiwa kwamba siku hizi mambo yote ni hewani.

Hewa ikagoma. Hedifoni zikawa zinameza silabi, msomaji anasema "Tanza" halafu kimya, halafu "nia". Kipanya kikawa kinaruka kama kimekanyaga kaa la moto. Kibodi ndiyo ilikuwa na vituko zaidi: unabonyeza herufi mara moja, kompyuta inapata taarifa kwamba umebonyeza, lakini taarifa kwamba umeachia inapotelea ukutani, basi skrini inajaza aaaaaaaa mstari mzima.

Boksi la adapta, kile kidude cha USB kinachoipa kompyuta Bluetooth, limeandikwa mita 10, na halijasema uongo. Vifaa vingi vya Bluetooth ni vya daraja la 2, nguvu yao ya kurusha haizidi miliwati 2.5, na mita 10 ni za watu wanaoonana uso kwa uso. Mawimbi yenyewe ni ya gigahezi 2.4, urefu wake kama sentimita 12, na yana mahasimu wawili wakubwa: chuma, ambacho huyarudisha yalikotoka, na maji, ambayo huyanywa. Sasa tazama tulivyoyatendea. Kasha la kompyuta ni bati. Adapta tumeichomeka nyuma ya kasha, vidole vichache kutoka ukutani, kwa hiyo wimbi linazaliwa limebanwa kati ya bati na tofali, na kwenye nguzo na linta linakutana na nondo. Upande wa pili amekaa mwenye kompyuta, ambaye sehemu kubwa ya mwili wake ni maji. Akigeuka tu kumjibu mtu mlangoni, hedifoni zinakatika. Zipo mazabodi zenye Bluetooth yake ndani, ambazo huja na antena za kufunga nyuma kwenye vichomeo viwili vya rangi ya dhahabu vyenye nyuzi za skrubu. Pita kwenye ofisi nyingi uchungulie nyuma ya mashine: vichomeo viko uchi. Antena zimebaki ndani ya boksi, na boksi liko juu ya kabati pamoja na mapambo ya Krismasi.

Halafu kuna kelele. Wanaoujua Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, wanakumbuka shujaa alivyotoka kifungoni. Mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, naye akaikereza minyororo wakati nje gungu limepamba moto, ngoma na matari vikifunika mlio wa chuma. Nyuma ya kompyuta gungu hilo huchezwa usiku na mchana. Ile milango ya USB 3, mara nyingi yenye ulimi wa buluu, hupitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele zake za redio humwagikia kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Intel waliandika waraka mzima juu ya jambo hili mwaka 2012. Adapta ikikaa bega kwa bega na diski ya nje ya USB 3, sauti ya kibodi iliyoko chumba cha pili inafunikwa kama mlio wa tupa, isipokuwa kwamba safari hii sisi ndio tunaotaka isikike. Ongeza Wi-Fi, ongeza maikrowevu ya jikoni, wote wanacheza uwanja huo huo. Bluetooth ina ujanja wake, tusiidhulumu: katika mfumo wake wa awali inaruka kati ya vituo 79, mara 1,600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 imejifunza kukwepa vituo vyenye fujo. Lakini gungu likijaa uwanja mzima, utakwepea wapi?

Na katika kisa kile sifa zote alipata Liyongo. Tupa haina utendi wake.

Ukilalamika mbele za watu, ushauri hauchelewi. Wa kwanza atakwambia ununue adapta ya daraja la 1, yenye miliwati 100 na mita 100 kwenye boksi. Ni kweli itapiga kelele zaidi. Lakini kipaza sauti cha msikiti kinamfikia mzee aliyejilaza nyumbani kwake, naye mzee akijibu kutoka kitandani, msikitini hakuna anayemsikia. Kibodi inajibu kwa betri yake ndogo ile ile, na mazungumzo ya Bluetooth ni ya pande mbili. Wa pili atakutajia Bluetooth 5 ya mwaka 2016, ambayo ilitangazwa kufika umbali mara 4. Hilo nalo ni kweli, kwa upande wa mfumo wa nishati ndogo, kwa usimbaji maalumu, na pande zote mbili ziwe zinaujua usimbaji huo. Hedifoni nyingi za muziki bado zinatumia mfumo wa awali, kwa hiyo mara 4 hiyo zinaisikia kwa jirani. Wa tatu atakutuma ukatafute kikuza cha Bluetooth kama kile cha Wi-Fi. Utazunguka maduka mpaka viatu vilalamike, na utarudi na kikuza cha Wi-Fi, kwa sababu Bluetooth hupatanisha kifaa na kifaa, jina kwa jina, na haimpi nafasi mpita njia wa kurudiarudia maneno ya wengine.

Mgeni rasmi hafanyi lolote kati ya hayo. Hapigi kelele, hajui toleo la 5 wala la 1.2, hahitaji kupatanishwa. Anachukua sikio la kompyuta na kulileta mezani. Dume linachomekwa nyuma ya kasha kule stoo, jike linatokeza kwenye meza, adapta inakaa kwenye jike, na ghafla kibodi na kompyuta vinazungumza vikiwa vimeachana shubiri moja. Ukuta umebaki nyuma, bati limebaki nyuma, gungu limebaki nyuma. Miliwati 2.5 iliyokuwa umaskini imekuwa utajiri, na faida ni ya pande zote mbili, jambo ambalo adapta ya miliwati 100 haikuweza. Kwa wale ambao kompyuta yao iko chumba kile kile, chini ya dirisha labda, hata nusu mita ya waya inatosha kuitoa adapta kwenye kivuli cha kasha. Sijui kifaa kingine cha elektroniki ambacho tiba yake ni kusogezwa tu.

Mchukue mkononi umtazame. Mgeuze chini ya taa, utaona maandishi madogo meupe kwenye ngozi yake: 28AWG/1P 24AWG/2C. Ndani kuna nyuzi nne. Kijani na nyeupe ni za data, ndiyo hiyo jozi moja, nyembamba, zimesokotwa pamoja. Nyekundu inapeleka volti 5 na nyeusi inarudisha, nazo ni nene kidogo, kwa kuwa kwenye hesabu hii ya AWG namba ikipungua uzi unanenepa. Nyaya za bei ya chini kabisa huwa 28 kotekote, na ukizifungia diski ya nje, diski inalia njaa na kuzimika. Adapta ya Bluetooth inakula umeme kiduchu, haina malalamiko. Maana yake ni kwamba hata mgeni rasmi aliye dhaifu kuliko wote kwenye boksi anaimudu kazi hii.

Upeo wake ni mita 5. Watu hudhani umeme unachoka njiani, lakini kinachokwisha ni subira ya kompyuta: ikiuliza, inasubiri jibu kwa muda maalumu, na katika USB 2.0 waya umegawiwa nanosekunde 26 tu kwa safari ya kwenda. Ukizidisha, kompyuta inaamini hakuna mtu huko. Mwenye nyumba kubwa atanunua waya wenye chipu ndani, ambao kwa hakika ni habu ndogo iliyovaa kanzu ya waya, au vile visanduku viwili vinavyounganishwa kwa waya wa Cat5 na kufika mita 50. Hao ni mabinamu zake matajiri. Tunawaheshimu, ila leo hatukuwaalika.

Nije kwenye nasaba, maana risala bila nasaba haijakamilika. Bluetooth ni wa ukoo wa kifalme: jina ni la Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, lililopendekezwa na Jim Kardach wa Intel mwaka 1997 kama jina la muda tu, na nembo yake ni herufi mbili za kiruni zilizokumbatiana, H na B za mfalme huyo. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza Ericsson, kule Lund nchini Sweden, mwaka 1994. Mgeni wetu je? Fungua kanuni rasmi za USB 2.0 za mwaka 2000, utafute sehemu ya nyaya zilizopigwa marufuku. Yumo. Dume la aina ya A upande mmoja, jike la aina ya A upande wa pili: haruhusiwi kuwepo, kwa hofu kwamba watu watamuunga na mwenzake na mwenzake mpaka ile mita ya 5 isahaulike. Watu, bila shaka, wanamuunga. Kwa hiyo mfalme ana nembo kwenye kila simu, na haramia huyu anauzwa kila duka, na mfalme akitaka kuvuka ukuta wa tofali anabebwa na haramia.

Kasoro zake nazitaja ili zisitajwe na mahasidi. Anajisokota akiwa peke yake ndani ya droo, bila kuguswa na mtu. Huo nauita ubunifu. Anakusanya vumbi ambalo vinginevyo lingekwenda kwenye mapafu yetu. Jike lake hulegea baada ya miaka, na adapta ikaanza kuning'inia, lakini nani kati yetu halegei? Panya wa stoo wamemwonja na wakarudi kumwonja tena, na sijasikia adapta ya miliwati 100 iliyowahi kupendwa namna hiyo. Wageni wakimwona hawaachi kuuliza: "Si ulisema kibodi yako haina waya?" Haina. Waya ni wa adapta.

Anayetaka kumpokea nyumbani azingatie kwamba tundu la ukutani hupimwa kwa kichwa chake, siyo kwa kiwiliwili. Drili ya milimita 8 itampitisha waya vizuri kabisa akiwa amekatwa kichwa. Toboa 16 au 18. Adapta isiwekwe jirani na ruta. Meza ikiwa ya mbao unaweza kuibandika chini ya ubao isionekane; ikiwa ya chuma, iache juu, la sivyo umejenga kasha la pili.

Limebaki jambo moja, la kuwasha mashine. Kompyuta ikiwa imezimwa, adapta haina wa kuzungumza naye, na kibodi nyingi za Bluetooth hazisikiki kabla mfumo haujapanda. Kitufe kiko stoo. Kila asubuhi napita korido, naruka gunia la mchele na madumu ya maji, nabonyeza, narudi. Fundi ameniambia kuna kitufe cha nje kinachofungwa kwenye mazabodi kwa waya mrefu, nacho kinapita tundu hilo hilo. Nimemuuliza bei.