Kuna Nafasi Moja Nyuma?

Wenzetu wanaokwenda Cape, Afrika Kusini, wana starehe moja inayonitia wivu. Mume na mke wanakodi gari, wanavaa miwani ya jua, wanazunguka mashamba ya mizabibu ya Stellenbosch, mji ulioanzishwa mwaka 1679. Wanapanda milima, wanalala kwenye nyumba ya kale yenye kuta nyeupe, asubuhi wanaendelea. Hakuna anayewapigia simu kuuliza wamefika wapi. Rafiki wa mke wangu alikwenda huko, akawa anarusha picha kila jioni: glasi, mlima, kanisa kuukuu, glasi nyingine. Mke wangu alizitazama bila kusema neno, na kila mwanamume aliyeoa anajua kimya cha namna hiyo kina bei.

"Na sisi twende," akasema hatimaye.

Nikamwambia nchi ya mvinyo tunayo, iko Dodoma. Mizabibu ililetwa na wamisionari, zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na lami ni ya moja kwa moja. Akanijibu kwamba Dodoma naijua mimi kwa semina, nikifika naye nitaishia kwenye ukumbi wa mikutano. Hilo sikuwa na la kulijibu. Akafungua ramani kwenye simu. Ukitoka Mwanza ukaambaa na ziwa kuelekea magharibi, akasema, unapata vyote. Miji ya kale: Biharamulo na Bukoba. Milima: Muleba nzima ni kupanda na kushuka. Mvinyo: rubisi, ambayo Wahaya walikuwa wanaipika kwa ndizi kabla Mjerumani hajaijua njia ya kuja huku. Ilikuwa hoja nzito. Kwamba barabara hiyohiyo inaishia uwanjani kwa baba yake, hakuligusa.

Safari ilikuwa ya watu wawili mpaka shemeji mmoja alipoitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ilikuwa Desemba, na Desemba Mhaya hakai mjini. Basi simu zikaanza. Watu wetu wana adabu sana, hakuna anayeomba kusafirishwa, wanauliza tu, "Eti kuna nafasi moja nyuma?" Nafasi ni moja, wanaoiuliza ni ukoo mzima, na kila mmoja ukimjibu anashukuru kana kwamba ameshapanda. Tukaishia kuwa na shangazi wa mke wangu anayeishi Nyegezi, binti yake, na kijana mmoja mpole ambaye mpaka leo sina hakika ni ndugu wa upande gani. Alikuja na shangazi, akashuka Katoro, akasema asante.

Na mizigo. Kutoka upande wetu wa Usukumani huwezi kwenda ukweni mikono mitupu: mchele, dagaa, kiroba cha michembe. Buti likajaa mpaka kioo cha nyuma kikawa pambo. Nilipokuwa nafunga mfuniko kwa kamba nilimkumbuka Speke, aliyefika Mwanza Agosti 1858 kwa miguu akitokea Kaze, Tabora ya leo, akalipa ziwa jina la malkia wake. Naye alisafiri na mizigo mingi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na wapagazi, mimi nilikuwa mpagazi.

Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo sasa linaitwa Daraja la J.P. Magufuli, lilifunguliwa na Rais Samia tarehe 19 Juni 2025. Ni kilomita 3 juu ya maji, limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, na kwa mtu aliyewahi kusota kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, kulivuka ni jambo la kutoa machozi. Mke wangu aliandaa simu arekodi. Shangazi alikuwa amesinzia. Alipofumbua macho tulishaingia upande wa Sengerema, akauliza, "Tumefika kivukoni?" Tukamwambia tumeshavuka. Hakufurahi hata kidogo. Alikuwa amejiandalia samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha ya wale akina mama waliokuwa wanauza foleni nzima, na sasa Serikali imemvusha na njaa yake. Alilalamika mpaka Geita. Nami nakiri hoja yake ina uzito: daraja limetuokolea saa mbili, lakini ile foleni ilikuwa na soko ndani yake, na sokoni ndiko safari zetu zinakofanyika.

Kabla ya Geita gari lililotoka mbele likatupigia taa. Kila dereva Tanzania anajua maana yake: trafiki yupo mbele na tochi yake. Shangazi akasema, "Anatusalimia huyo," akanyoosha mkono katikati ya viti akapunga, nami nikawa nausukuma mkono wake ili nione njia. Tochi ikasoma 58 kwenye eneo la 50. Askari alikuwa mstaarabu, akaomba leseni, akaomba kuona mtungi wa kuzimia moto. Mtungi upo, afande, lakini uko chini ya michembe. Hapo shangazi akaona aokoe jahazi.

"Mwanangu, tuachie. Tunakwenda msibani."

"Poleni sana, mama. Amefariki nani?"

"Tukifika ndiyo tutaambiwa."

Askari alimtazama kwa muda. Kisha akaandika faini ya shilingi 30,000 kwa utulivu mkubwa, akanipa namba ya kulipia, akamwambia shangazi afike salama huko msibani.

Katoro tulimshusha kijana mpole, Bwanga tukakata kwenda Biharamulo. Hapa ndipo nilipopanga sehemu ya historia. Biharamulo kuna boma la Mjerumani, kuta nene za kujikinga na watu ambao ardhi ilikuwa yao, na nilikuwa nimejisomea ili nimweleze mke wangu taratibu, tukitembea, mikono nyuma. Nilifika kwenye sentensi ya pili. Binti wa shangazi akaja kusema tairi la nyuma linatoa upepo.

Pancha mahali penye watu ni shughuli ya kijamii. Walikuja bodaboda wawili, mzee mwenye fimbo, mama muuza vitumbua, na wanafunzi wa likizo, na wote walikuwa mafundi. Tairi la akiba liko chini ya zulia la buti. Zulia liko chini ya dagaa, dagaa chini ya mchele, mchele chini ya michembe. Tukashusha kila kitu tukakipanga chini, na katika muda wa kutafuta jeki, mama mmoja akawa ameshauliza dagaa kopo ni bei gani. Shangazi akamtajia bei. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye gurudumu, zawadi ya wakwe zangu ilikuwa imepungua kwa makopo manne na kulikuwa na foleni. Njaa ya Kigongo ilitibiwa palepale kwa vitumbua. Boma tulilipiga picha moja kupitia dirishani, tukaondoka.

Kutoka hapo unapita kwenye msitu ambao zamani mabasi yalikuwa hayathubutu kuupita bila askari, kisha nchi inabadilika. Migomba inaanza, na inaendelea mpaka unasahau kwamba kuna mmea mwingine duniani. Barabara inapanda kilima, inashuka, inapanda, na kila ukifika juu ziwa linajitokeza upande wa kulia. Kwa uzuri huu sina mzaha. Wanaokwenda kutafuta mandhari ng'ambo wapite kwanza Muleba jioni, jua likiwa limelala juu ya migomba.

Bukoba mjini nilikuwa nimelipia chumba chenye dirisha la kuangalia ziwa. Nilitaka tutembee ufukweni, tuone majengo ya zamani, nimweleze mke wangu, ambaye amezaliwa huko, habari za mji wake. Kwamba Emin Pasha ndiye aliyefungua kituo cha Wajerumani pale mwaka 1890. Kwamba Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakitokea Kisumu, wakapigana siku mbili, wakaangusha mnara wa mawasiliano ya redio, wakapora, wakapanda meli zao wakarudi. Mke wangu akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hata wao hawakuondoka Bukoba mikono mitupu," akasema. "Washa gari. Baba anasubiri."

Chumba sikukiona. Nasikia dirisha lake ni zuri.

Sasa nije kwenye mvinyo, maana ndio uliotutoa nyumbani. Huko Stellenbosch, kwa mujibu wa zile picha, mgeni anapewa glasi yenye tone, anaizungusha, anainusa, anaonja, halafu anatema kwenye ndoo maalumu ili akaonje kwingine. Kwa baba mkwe wangu utaratibu ni tofauti. Kwanza inaletwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, ndani ya kikapu kidogo kilichosukwa kwa ustadi. Unachukua chache, unatafuna, unaulizwa habari za wazazi, ng'ombe, mvua, na mshahara. Ndipo unapoonyeshwa mtumbwi.

Ni mtumbwi kweli, gogo lililochongwa, ila hauendi majini. Ndizi mbivu zinamenywa zinatiwa humo na nyasi, vijana wanazikanyaga kwa miguu mpaka zitoe maji. Yale maji yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yanafunikwa kwa majani ya mgomba, yanaachwa usiku kucha. Asubuhi yanachemka yenyewe bila moto, povu juu, harufu tamu yenye ukali nyuma yake. Nilitaka nionekane mtaalamu, nikauliza rubisi hii ni ya mwaka gani.

"Ya jana," akasema baba mkwe.

Akanimiminia kwenye kibuyu. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mimi ni dereva. Mzee akageuka akalitazama gari, lililokuwa limeegeshwa chini ya mparachichi huku kuku wamekaa juu ya boneti.

"Linakwenda wapi?"

Halikuwa linakwenda popote. Nikanywa. Wazo la kutema lilinijia kidogo, nikalifukuza. Kutema rubisi ya baba mkwe mbele ya wazee wa kijiji ni ndoa nyingine hiyo. Kuhusu jioni ile ninachoweza kusema ni kwamba rubisi haipandi haraka, inakaa chini ikikusikiliza, na nilipoinuka kwenda kulala niligundua kwamba milima ya Muleba imetufuata mpaka uwanjani.

Safari ya kurudi ilikuwa na mama mkwe. Alikuwa na kliniki Mwanza, na gari lipo, angepandaje basi? Sasa kwetu Wasukuma wazee walitufundisha kumpisha mama mkwe: akipita njia hii unashika ile. Hawakutufundisha la kufanya akikaa kiti cha mbele. Gia ya kigari chetu iko katikati, na kila nikitaka kuibadilisha mkono wangu ulikuwa unapita jirani na goti la mtu ninayepaswa kumkimbia. Nilipanda vilima vya kuanzia Kemondo nikiwa kwenye gia moja tu, injini ikilia. Mke wangu, aliyekaa nyuma na mikungu ya ndizi, alikuwa anacheka akijifanya anakohoa.

Juu ya mapaja yake mama mkwe alikuwa amekumbatia kiroba kilichofungwa kwa uzi. Desemba huko ni msimu wa senene. Usiku wanawashiwa taa kali, wanagonga mabati yaliyoinamishwa, wanaporomokea ndani ya madrumu, na alfajiri wako sokoni wakiwa hai. Mama alikuwa na deni la senene kwa ndugu wote wa Mwanza, na hakutaka waliokaangwa, wanapoteza utamu. Tulirudi kwa njia ya Chato, ambako tulisimama kwenye taa nyekundu tukiwa gari letu na ng'ombe watatu, na ng'ombe hawakusimama. Mahali fulani baada ya hapo uzi ukalegea.

Askari aliyetusimamisha mbele ya safari hakuwa yule wa mwanzo. Nilishusha kioo, akainamisha kichwa kuomba leseni, na senene mmoja wa kijani akaruka akatua juu ya kofia yake. Wa pili begani. Wa tatu kwenye kitabu cha faini. Ndani ya gari walikuwa kwenye dashibodi, kwenye nywele za mke wangu, na mmoja kwenye usukani akinitazama. Mama mkwe alikuwa anawakusanya kwa kanga huku akiwahesabu kwa Kihaya. Askari hakupiga kelele. Alimwondoa yule wa kofiani kwa vidole viwili, akamshika mbawa kwa namna ya mtu anayejua bei yake sokoni, akamrudisha dirishani. Akafanya hivyo na wa begani, na wa kitabuni.

"Mama, fungeni vizuri," akasema. "Hii ni mali." Mtungi wa kuzimia moto hakuuliza.

Msomaji, kama unataka kwenda Bukoba wewe na mwenzi wako tu, panda meli, inavuka usiku na chumba kina mlango. Ukiamua kwenda na gari lako, mtungi uweke mbele na kundi la ukoo usiliambie chochote. Sisi tunakwenda tena Desemba, na kwa wale ambao tayari wameanza kuuliza: nafasi ya nyuma imeshachukuliwa na mama mkwe, anarudi kwake.