Karibu Chai

Tundu kubwa lililo puani mwa gari langu la umeme, Nissan Leaf kuukuu iliyotoka Japani, linaitwa CHAdeMO. Waliolibatiza walichagua jina linalokaribiana na maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu chai: kunywa kikombe, ukimaliza gari limeshajaa. Kwetu Kenya, anayekutajia chai barabarani huwa amevaa sare. Ningepaswa kushtuka.

Desemba tuliteremka Mombasa kutoka Nairobi, kilomita zipatazo 480, mama mkwe akiwa nyuma na jogoo wa zawadi kapuni. Hadi Emali niliendesha kifua mbele. "Ukilegeza mguu mteremkoni, mama," nikamweleza, "gari linairudishia betri kitu kidogo." Akaguna.

Kituo cha kwanza mashine ilikuwa na nyaya mbili. Wa magari ya Ulaya ulikuwa mzima, unang'aa. Wangu ulivishwa gunia. "Hiyo ya Kijapani ni mgonjwa, mkubwa," mlinzi akasema kwa huruma. Nikazima kiyoyozi, nikafunga madirisha ili upepo usituvute nyuma, nikajificha nyuma ya lori la saruji kilomita 60. Jogoo alitweta kuliko mimi.

Mtito Andei waya ulikubali. Mashine imeandikwa kilowati 50, nilipata 17. Betri ya gari hili haina maji ya kuipoza, hutegemea hewa tu, na hewa ya Mtito Andei adhuhuri ni ile inayotoka ukifunua sufuria. Betri ikichemka, gari hujibana koo lenyewe. Tukaagiza chai. Asilimia 40, chai. Asilimia 60, chai na mandazi. Ilipofika 80 umeme ukaanza kudondoka kama bomba la mtaani kwetu, maana betri ikikaribia kushiba hunywa kwa kijiko. Basi lililoondoka Nairobi saa mbili baada yetu likapita, likatupigia honi.

"Baba Amani," mama mkwe akasema, "hata ngamia hunywa akaondoka."

Nikamwambia tumebakiza asilimia nane tu. Ndipo stima zikapotea mji mzima. Jenereta ya hoteli ikanguruma, feni zikazunguka, mashine yangu ikabaki nyeusi tii.

Mama mkwe akamsukumia mhudumu kikombe.

"Ongeza maziwa. Na uniulizie jikoni kama wana sufuria ya kutosha jogoo."