Bwana wa Prosesa Mbili

Anayehariri video za harusi Iringa hakosi usingizi kwa sababu ya baridi, bali kwa kukodolea macho asilimia zinazopanda kwa kusuasua. Ndiyo maana binamu yangu wa Mwanjelwa, Mbeya, aliponipigia kwamba kapata mashine ya mtumba, Xeon, prosesa mbili, RAM GB 64, nilituma hela kabla hajakata simu.

Ikaja kwa basi, imeviringishwa blanketi, juu yake mkungu wa ndizi za Tukuyu. Nilipoiwasha, feni zilinguruma hadi jirani akauliza tunasaga kwa bei gani. Skrini ikaonyesha GB 32.

Fundi wa Miyomboni akafungua kava. Soketi zilikuwa mbili kweli, ila moja ilikuwa na kifuniko cha plastiki. Chini yake sindano 2011 zinang'aa, hazijawahi kuguswa na prosesa. RAM nne za upande huo zilikuwa zinakula vumbi tu.

"Kaka, hii ni nyumba ya wake wenza," akasema. "Kila prosesa ina jiko lake na unga wake. Wewe umejaza unga kwa bi mdogo ambaye hujamwoa. Nani apike?"

"Si tuuhamishie kwa bi mkubwa?"

"Sloti zake nne zimeshajaa. Oa tu. Na awe wa aina ile ile, bi mkubwa hapatani na mwingine."

Nikampigia binamu. "Mwaisa," akajibu bila haya, "nilisema *inabeba* mbili."

Hata hivyo akaitafuta ya pili, akaifukia ndani ya kopo la mchele wa Kyela isije ikagongwa njiani. Shangazi, aliyeupokea mzigo stendi, akauona mchele, akamshukuru Mungu, akaumwaga kwenye ungo. Nilipofika alikuwa ameshauchambua: mchele kushoto, mawe kulia, na prosesa yangu kwenye kundi la mawe.

"Huyo binamu yako ana mchele mzuri," akanilalamikia, "lakini bati hili lingenivunja jino."

Fundi akaifuta vumbi la mchele, akaipakaza dawa ya joto, akafunga feni yake. GB 64 zikasoma zote. Akanionya tu kwamba prosesa moja ikienda kuazima unga jikoni kwa mwenzake, itachelewa kidogo, maana lazima ipige hodi kwanza.

Siku hizi video ya harusi inakamilika kabla chai haijachemka. Anayekwama kwenye asilimia hamsini ni bwana harusi, na kwake ni malipo.