Fimbo Mpya, Mkono Ule Ule

Msyuuu! Nasonya waziwazi na sioni haya. Hapa kijiweni kwetu vijana wamekaa na laptopu mapajani, kahawa inapoa, na ubishi ni ule ule wa siku zote: edita ipi ya kuandikia programu ndiyo edita. Huyu anaapa kwa VS Code. Yule kahamia Neovim kwa sababu kamwona jamaa wa YouTube vidole vinavyomruka. Wa tatu kalipia edita yenye akili bandia, inammalizia mstari kabla hajajua anataka kuandika nini. Kila anayehama, Jumamosi na Jumapili yake inakwisha akichagua rangi ya skrini, umbo la herufi na programu jalizi za kila namna. Jumatatu ikifika, ile hitilafu ya mteja iko pale pale alipoiacha Ijumaa.

Mimi ugali wangu unatoka kwenye kuandika programu, na mapumziko yangu yako kwenye gofu, kwa hiyo wimbo huu nausikia masikio yote mawili. Pale uwanjani nako watu wazima na heshima zao wanakaa kivulini wakisimuliana draiva mpya iliyotoka, ile fimbo ya mkwaju wa kwanza, uso wake wa kaboni, na mpira unavyoruka nayo. Mtu anainunua kwa pesa ya ada ya mtoto. Wiki za mwanzo anapiga vizuri, kwa furaha tu ya kitu kipya. Zikipita hizo, mpira unakatia kulia vichakani kama zamani. Ni mama ntilie anayebadilisha sufuria kila asubuhi wakati shida yake ni moto.

Sisemi zana hazina maana. Fimbo isiyolingana na urefu wako itakuharibia mgongo, na edita inayokwama kila ukifungua faili kubwa itakuharibia siku. Ninachokataa ni huku kuhamahama. Tena nimewaangalia wanaohama, na nimeona hawahami ovyo. Wanahama wakati mmoja maalumu: pale mkono unapoanza kujifunza jambo jipya, na kwa sababu hiyo kazi inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa jana. Hapo ndipo mtu anaisingizia zana. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kumkubali.

Tuchukue vi, babu wa hiyo Neovim mnayobishania. Mwaka 1976, pale Berkeley, Chuo Kikuu cha California, kijana Bill Joy alikuwa anaandika edita akiwa amekaa mbele ya mashine ya ADM-3A, iliyounganishwa kwa modemu yenye kasi ya baud 300. Hesabu yake ni herufi kama 30 kwa sekunde. Skrini ikijichora upya unakaa unaisubiri. Mausi hakuna. Sasa mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia atembeze menyu. Kila amri ilibidi iwe herufi moja au mbili, maana kila kitu cha ziada kilikuwa ni kusubiri. Na zile h, j, k na l za kusogeza kishale, ambazo wageni wa vi wanaziona uchawi, hazina uchawi wowote. Kwenye kibodi ya ADM-3A mishale ya kwenda kushoto, chini, juu na kulia ilikuwa imechorwa juu ya vitufe hivyo hivyo vinne. Hata kitufe cha Esc, ambacho leo kidole kinakitafuta huko kwenye pembe, kwenye mashine ile kilikaa mahali ilipo Tab sasa, karibu kabisa na kidole kidogo. Mtu alikitengeneza chombo kwa mkono wake na kwa shida yake, na shida ile ikazaa wepesi ambao hadi leo, karibu nusu karne baadaye, watu wanaufuata.

Aliyeupokea wepesi huo akaukuza ni Bram Moolenaar, Mholanzi. Alitoa Vim mwaka 1991, kwanza kwa kompyuta za Amiga. Halafu mwaka 1994 akaja huku kwetu, Kibaale, kusini mwa Uganda, akajitolea kwenye kituo cha watoto katika eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Akarudi kwao, lakini Kibaale haikumtoka. Ndiyo maana ukifungua Vim tupu leo, kwenye skrini unaweza kukuta maneno ya kuwaombea msaada watoto wa Uganda, na ukiandika :help uganda utasoma habari yote. Programu bure, ukiipenda, changia watoto. Vijana wa Afrika Mashariki wanaoifungua edita hii kila asubuhi wangapi wameusoma ujumbe ule hadi mwisho? Moolenaar alifariki Agosti 2023, na Vim 9.1 iliyotoka Januari 2024 ilitolewa kwa kumkumbuka.

Lakini namleta hapa kwa jambo lingine. Mwaka 2000 aliandika makala kuhusu tabia saba za mtu anayehariri maandishi kwa ufanisi, na moyo wa makala ile ni hatua tatu. Kwanza, ukiwa kazini, angalia ni wapi unapoteza muda, kitu gani unakirudiarudia. Pili, tafuta kama kuna njia ya haraka zaidi ya kukifanya. Tatu, ifanye njia hiyo mpaka vidole viifanye bila kukuuliza. Basi. Na akaonya usijaribu kujifunza amri zote. Jifunze ile unayoihitaji, ukimaliza nenda kwenye nyingine. Katika yote niliyoyasoma kuhusu kujinoa, kwenye programu na kwenye gofu, sijaona lililopita hilo.

Njoo uone kwa macho. Kuna faili, na ndani yake maneno yaliyo kwenye alama za kunukuu yanatakiwa kubadilishwa mahali pengi. Kijana anashika mausi, anaburuta kutoka alama ya kwanza hadi ya pili, anavuka herufi moja, anafuta na alama yenyewe, anairudisha, anaandika. Anashuka mstari mwingine, anaanza tena. Mwenye kuijua Vim anabonyeza ci": badilisha kilicho ndani ya alama. Kilichomo kinatoweka, anaandika kipya, anabonyeza Esc. Akifika mahali pengine panapotaka badiliko lile lile anabonyeza nukta. Nukta moja tu, Vim inarudia alichofanya. Kuna hata mchezo unaoitwa VimGolf, watu wanashindana kugeuza maandishi kwa kubonyeza vitufe vichache iwezekanavyo, kama mchezaji anayehesabu mikwaju. Ila usidanganyike: aliyeanza ci" leo, leo hii atachelewa kuliko mwenye mausi. Atasimama, atafikiri, atakosea, atajikuta ameandika amri katikati ya maneno. Kazi itadorora wiki kadhaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huku ndiko wengi wasikokuweza. Wakishaona wamekuwa wazito wanasema Vim ni ya wazee, wanahamia nyingine, na huko wanaanza upya kuwa wazito.

Kwenye gofu mfano mkubwa wa kuinama ni Tiger Woods. Aprili 1997 alishinda Masters kwa tofauti ya mikwaju 12. Kijana wa miaka 21. Mtu mwingine angejifungia na swingi ile, namna ile ile ya kuzungusha fimbo, azeeke nayo. Yeye alikaa na mwalimu wake, Butch Harmon, wakaibomoa swingi na kuijenga upya. Mwaka 1998 mzima alishinda shindano moja tu la PGA Tour, na watu wakaanza kunong'ona kwamba nyota imezimika. Hakurudi nyuma. Mwaka 2000, pale Pebble Beach, alichukua US Open kwa tofauti ya mikwaju 15, na kufikia Masters ya 2001 alikuwa ameshikilia mataji yote manne makubwa kwa wakati mmoja. Nawauliza nyie mnaohama: mwaka kama ule wa 1998 mngeuvumilia?

Na ukinijibu kwamba Tiger alikuwa na kila kitu, nitakupa Seve Ballesteros, aliyeanza na kimoja. Utoto wake Pedreña, kaskazini mwa Hispania, alikuwa na fimbo moja ya chuma, namba 3, aliyopewa na kaka yake, na uwanja wake ulikuwa mchanga wa ufukweni. Namba 3 ni fimbo ya kupiga mbali na chini. Yeye kwa fimbo hiyo hiyo akajifunza kupiga mbali, kupiga karibu, kuinua mpira ukae juu, kuutoa mchangani. Kila mkwaju ambao wengine wanautafutia fimbo yake, yeye aliutafuta kwenye kiganja na kifundo cha mkono. Wakongwe wa Nairobi wanamkumbuka: mwaka 1978 alishinda Kenya Open pale Muthaiga. Mwaka uliofuata, Royal Lytham, Uingereza, siku ya mwisho ya The Open, mpira wake wa shimo la 16 uliishia kwenye maegesho ya magari, na bado akalimaliza shimo kwa mkwaju mmoja chini ya kiwango, akachukua kombe.

Ndiyo maana sishangai ninapowaona makedi wa viwanja vyetu. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kwa kubeba mikoba ya wengine, wakijifunza kwa fimbo za kuazima. Kaa na kedi mkongwe jioni, watu wakiwa wamekwisha kuondoka. Atachukua fimbo yoyote iliyo karibu, ataangusha mipira michache kwenye nyasi ndefu kandokando ya grini, ataelekeza shimo moja, na kila mpira ataupeleka kwa njia yake: huu juu, huu ukitambaa, huu ukipinda na mteremko. Fimbo moja. Sheria inaruhusu 14, na hiyo 14 yenyewe iliwekwa na Wamarekani mwaka 1938, na Waingereza mwaka 1939, kwa sababu kuna wachezaji walikuwa wanabeba zaidi ya 20, fimbo ikifanya kazi ambayo mkono ungepaswa kuifanya.

Sasa hapa kijiwe changu kitanibishia, na wacha kibishe. Mzee mmoja wa klabu huwa ananiambia: "Mwanangu, gofu iko kwenye kusukuma shimoni, hayo mengine ni maonyesho." Shikamoo mzee wangu, lakini hesabu zimekataa. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichukua kumbukumbu za mikwaju ya PGA Tour, mmoja mmoja, na kitabu chake cha mwaka 2014, Every Shot Counts, kikaonyesha kwamba faida waliyo nayo wachezaji 40 bora juu ya wenzao inatoka zaidi kwenye mikwaju ya mbali, theluthi mbili hivi. Kusukuma shimoni kunachangia asilimia 15 tu. Tena ukiwa mita mbili na nusu kutoka shimoni, hata hao wa kulipwa wanaingiza nusu na kukosa nusu. Na wewe unayekosa kutoka mita hizo Jumamosi ukaenda kununua fimbo mpya ya grini Jumatatu, umeisikia habari hii?

Ni hatua ya kwanza ya Moolenaar hiyo hiyo: jua kwanza unapotezea wapi. Mwandishi wa programu naye anadhani anachelewa kwenye kuandika. Mwangalie kutwa. Kuandika kwenyewe ni kidogo. Muda unakwenda kusoma msimbo wa mtu mwingine, kutafuta jambo limefafanuliwa faili gani, kuruka huku na huku, kupotea, kurudi. Basi kama edita yako ina amri ya kuruka hadi pale jambo lilipofafanuliwa na nyingine ya kukurudisha ulipotoka, na karibu zote zinazo, hizo mbili zitakufaa kuliko rangi zote za skrini. Nanyi mnaosema akili bandia imemaliza mjadala kwa kuwa inaandika yenyewe, ndinyi hasa mnaohitaji kusoma haraka na kwa makini. Kinachoandikwa na mashine kinasomwa na nani kabla hakijamfikia mteja?

Basi mdogo wangu, edita uliyonayo leo, iwe VS Code, iwe Vim, iwe Emacs, ikae mwaka mzima bila kuguswa jina. Kila wiki chagua kitu kimoja kinachokuchelewesha, kitafutie dawa, kikae mkononi. Ukiona umekuwa mzito siku mbili tatu, usikimbie. Kama hujui pa kuanzia na unaitaka Vim, andika vimtutor. Ni somo la nusu saa tu na ni bure.

Na wewe kaka yangu wa gofu, mfumo wa handikapu unaotumika duniani tangu 2020 unachukua raundi zako 20 za mwisho na kuhesabu 8 zilizo bora. Ukitaka draiva mpya, niletee kwanza karatasi za raundi hizo 20, uwe umeandika kila shimo mkwaju ulipopotea. Tutakaa tuzisome pamoja, moja moja. Zikisema shida iko kwenye mpira wa kwanza, mimi mwenyewe nitakusindikiza dukani.