Hewa ya Bure

Mpwa wangu ana nadharia ya uchumi ambayo sijaona mtu wa kuipangua: petroli inanunuliwa, hewa ni bure, na injini inatumia vyote viwili, basi mwenye akili huongeza ile ya bure. Alinieleza haya kwenye foleni ya Ubungo, ndani ya Altezza yake, mkono mmoja juu ya usukani na mwingine ukielekea, kwa heshima zote, kwenye mfuko wa shati langu.

"Mjomba," alisema, "gari hii imebanwa pua."

Ujomba ni cheo kisicho na kustaafu. Mpwa huomba bila haya, mjomba hulalamika bila kuchoka, na katikati ya haya na malalamiko fedha huhama. Nilimuuliza dawa ya hiyo pua ni shilingi ngapi. Laki mbili na themanini, pamoja na ufundi. Nikamuuliza kitu cha bure kinagharimuje laki mbili na themanini. Akanitazama kwa huruma ya msomi.

Kabla sijaendelea, niitendee haki Altezza. Toyota waliitoa mwaka 1998, ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka kule Japani, na taa zake za nyuma zikaigwa mpaka na magari ambayo hayakuwa na undugu nayo. Saa ya mwendokasi kwenye dashibodi imebuniwa kwa kuiga saa ya mkononi ya gharama. Ilikuja kwa sura mbili. RS200, silinda nne, farasi 210 ukiichukua ya gia za mkono: hiyo ndiyo iliyojenga jina. AS200, silinda sita, farasi 160: hiyo ndiyo inayolitumia. Ya mpwa wangu ni ya pili, tena ya otomatiki. Kwa hiyo nilielewa kilichokuwa kinamsumbua. Mtu akishapewa jina kubwa, hutafuta kwa kila njia mwili wa kulijaza.

Na kwa upande wa nadharia, kijana hakuwa anapayuka. Injini ni mlafi wa hewa kuliko wa mafuta. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue vizuri, na hiyo maana yake ni kwamba lita moja tu unayomiminiwa kituoni huenda nayo kilo karibu 11 za hewa, zaidi ya lita 9,000. Injini ya lita mbili ikikanyagwa mpaka mwisho, ikazunguka mara 3,000 kwa dakika, humeza hewa inayokaribia lita 3,000 kila dakika. Ukiyasikia hayo, unaanza kulitazama lile boksi la plastiki lenye chujio la karatasi kwa jicho baya.

Fundi wa Ilala alilitazama kwa jicho baya zaidi. Alifungua boneti, akalichomoa boksi, akaligeuza huku na huku, akatuonyesha kichumba kilichoota ubavuni mwake. "Oneni. Hapa hewa inaingia, haina pa kutokea. Wajapani nao kuna siku wanachoka."

Kile kichumba, nilikuja kujua baadaye, ndicho kilichokuwa na kazi ya maana kuliko vyote. Hewa ikivutwa na injini haiendi kimya. Hupiga mawimbi, hunguruma, hukoroma. Wahandisi huweka kichumba kisicho na mlango wa pili ili wimbi likiingia lirudi na kukutana na jingine, yote mawili yanyamaze. Boksi lenyewe huvuta hewa kutoka mbele, juu, karibu na taa, mbali na joto la injini. Kwa maneno mengine, mtu aliyesomea kazi hiyo alikaa mezani akahakikisha gari linapumua hewa baridi, safi, bila kelele. Fundi wetu alimkosoa kwa bisibisi, kwa muda usiozidi wa kunywa chai.

Mahali pa boksi likakaa chujio la pamba lenye umbo la koni, jekundu, liko wazi chini ya boneti, limepakwa mafuta maalumu ya kunasa vumbi. Fundi akaingia, akawasha, akakanyaga. Ngurumo iliyotoka iliwaamsha waliokuwa wamelala chini ya magari mengine.

"Umesikia, bosi?"

Nilisikia. Nadhani na Buguruni walisikia.

"Imefunguka!" mpwa wangu akapiga kelele, na wote waliokuwapo, hata muuza karanga, wakakubali kwamba imefunguka.

Tukaingia barabarani kwenda kuutafuta huo mwendo uliofunguliwa. Njia yetu ni Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kariakoo, na hapo nadharia ya hewa ya bure ilikutana na tatizo ambalo fundi hakulitaja. Kati ya chujio na injini kuna kilango kinachofunguliwa na mguu wa dereva, mafundi hukiita throto. Kwenye foleni mguu haukanyagi, kwa hiyo kilango kimefumbwa karibu chote. Kinachobana hewa ni hicho, wala si chujio. Anayekunywa dafu kwa mrija aliouminya kwa vidole hasaidiwi kwa kupanuliwa tundu la dafu. Faida yoyote ya chujio jipya, kama ipo, iko kule mguu unapofika sakafuni, na mimi sijawahi kuona mguu wa mtu ukifika sakafuni kati ya Ubungo na Magomeni saa moja na nusu asubuhi. Tulinguruma mita kumi, tukasimama. Tukanguruma mita nyingine kumi. Pembeni, kwenye njia yake, basi la mwendokasi likatupita taratibu, abiria wamebanana madirishani, wakitutazama kwa mshangao wa watu wasioelewa kwa nini gari lililosimama linapiga kelele vile.

Siku barabara ilipopata upenyo, alitokea askari wa usalama barabarani kutoka nyuma ya mwarobaini, tochi mkononi, akatupiga mkono.

"Kijana, ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Shikamoo afande. Nilikuwa natembea tu."

Askari akaitazama tochi. Kilometa 46 kwa saa, kwenye eneo la 50. Akaigongagonga kiganjani, akaitazama tena. Bado 46. Akalizunguka gari, akainama kuchungulia chini, akamwambia mpwa wangu akanyage mafuta. Ngurumo. Akaitazama tochi kwa mara ya mwisho, safari hii kwa hasira kidogo, ikionekana imemwaibisha mbele za watu.

"Nendeni," alisema. "Lakini mpunguze."

Kupunguza nini, hakusema. Mwendo wa kupunguza haukuwepo. Tangu hapo ikawa desturi: kila kituo tunasimamishwa, kila kituo tochi inatutetea.

Nyumbani, mama yangu, ambaye ndiye bibi yake, alilisikia gari tangu liko kwenye kona ya duka. Akatoka na kanga yake begani, akasikiliza mpaka lilipozimwa.

"Hilo gari lina pumu," akasema. "Na nyie mnalizungusha usiku kwenye umande."

Kuhusu petroli, nadharia ilipata pigo la pili, nalo lilikuwa la kikatili zaidi kwa sababu lilitokana na kufanikiwa kwake. Hewa haiingii injinini peke yake. Kompyuta ya gari hupima iliyoingia, kisha huongeza petroli ya kulingana nayo, kwa uwiano ule ule wa 14.7. Kila hewa ya bure huja na mgeni wake wa kulipiwa. Tena mguu wa mpwa wangu ulikuwa umepata ugonjwa mpya wa kukanyaga ili asikie mlio, hasa anapopita mbele ya saluni. Mshale wa mafuta ukawa unashuka kwa bidii ambayo mshale wa mwendo haukuwahi kuionyesha.

Kisha taa ya injini ikawaka. Fundi umeme akachomeka mashine yake, akasoma, akacheka peke yake kama wafanyavyo watu wa fani. Kilichotokea ni hiki. Kwenye njia ya hewa kuna sensa yenye kiwaya chembamba kinachopashwa moto. Hewa ikipita inakipoza, na kwa umeme unaohitajika kukirudishia joto lake kompyuta hujua hewa kiasi gani imeingia. Mpwa wangu, baada ya kulifua chujio lake mwenyewe, alikuwa amelipaka mafuta kwa ukarimu wa mpishi wa maandazi. Mafuta yakarukia kile kiwaya, kikavaa koti, kikaacha kuhisi upepo. Kompyuta ikawa inahesabu kwa kubahatisha.

Fundi umeme akakisafisha, akalipwa, akatuonyesha namba nyingine bila kuulizwa. Nje palikuwa na nyuzi 32, joto la kawaida la Dar. Hewa iliyokuwa ikiingia injinini ilikuwa na nyuzi 58, maana chujio lilikuwa wazi chini ya boneti, likivuta pumzi iliyotoka kwenye redieta. Hewa ikipata moto hutanuka, na katika lita ile ile unapata hewa pungufu. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti: tofauti ya nyuzi hizo inakula karibu asilimia 8. Katika farasi 160, hao ni farasi kumi na wawili hivi, nao tulikuwa tumewalipia waondoke.

Mtu mwingine angerudisha boksi. Mpwa wangu aliona mwanga. "Kumbe tatizo ni joto! Mjomba, tuipeleke pua chini, kwenye baridi." Mfuko wa shati ukahusishwa tena. Likaja bomba la aluminiamu, linang'aa, limepita pembeni ya betri na kushuka mpaka nyuma ya bampa, na chujio likakaa huko chini, shibri moja na kitu kutoka kwenye lami. Na kweli, joto la hewa lilishuka. Kwa wiki kadhaa nadharia ilisimama kwa miguu yake yote miwili, mpwa wangu akawa anapita na sura ya mtu aliyewashinda Wajapani.

Halafu ikaja masika.

Anayeijua Jangwani haelezwi. Mto Msimbazi una kumbukumbu nzuri ya mahali palipokuwa pake, na mvua ikinyesha usiku kucha huja kupadai. Asubuhi ile maji hayakuwa ya kutisha; bajaji zilikuwa zinapita, Vitz zilikuwa zinapita, mama mmoja alipita amebeba beseni la samaki na viatu mkononi. Altezza nayo ikaingia, ikinguruma. Katikati ya dimbwi ngurumo ikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka "ko!" moja ya chuma, na kukawa kimya. Ndio ukimya wa kwanza wa gari lile tangu tulipotoka Ilala.

Boksi la kiwandani lilivuta hewa juu, usawa wa taa. Chujio letu lilikuwa chini, usawa wa dimbwi, na lilifanya kazi yake ya kuvuta bila kubagua. Pistoni imezoea kuibana hewa, na hewa hubanika. Maji hayabaniki. Pistoni ilipanda, ikayakuta maji, maji hayakuhama, na katika mabishano hayo aliyepinda ni konrodi. Fundi alipoifungua injini aliishika ile konrodi juu kwenye mwanga, akasema kwa sauti ya kutoa tanzia: "Imekunywa maji." Ikatafutwa injini ya mtumba. Bei yake sitaitaja, kwa kuwa mke wangu husoma magazeti.

Injini mpya ilipokaa, fundi akaitisha lile boksi la zamani. Hapo tukagundua kwamba lilikwisha kupata mpangaji. Mama alilikuta uani, akalitandika majani makavu, na kuku wake akalikubali. Alikuwa amelalia mayai kumi na moja, na kila aliyesogeza mkono alidonolewa. Kuku huatamia siku 21. Mpwa wangu akapendekeza mayai yahamishiwe kwenye kikapu.

"Gari linajua kusubiri," mama akamjibu. "Mayai hayajui."

Altezza ikasubiri. Vifaranga vikatotolewa, boksi likaoshwa, likarudi mahali pake pamoja na kile kichumba chake kisicho na pa kutokea. Gari sasa linakwenda kimya, linapumua hewa ya juu, na wanaosimama barabarani hawageuki kulitazama. Ninalisifia kila siku, na mpwa wangu hulivumilia.

Lile chujio jekundu na bomba lake tuliviuza, ili angalau kitu kirudi mfukoni mwa shati. Alikuja kijana mwenye Brevis, kapendeza, kofia kageuza. Akalipima bomba kwa mkono, akalipuliza chujio, akauliza swali ambalo kila mnunuzi huuliza.

"Kweli inaongeza spidi, kaka?"

Nilimkazia macho mpwa wangu, nikitaka nione uongo wake utatokea upande gani. Hakudanganya hata neno.

"Ndugu yangu, trafiki walikuwa wanatusimamisha kila kituo. Muulize mjomba."

Kijana akanigeukia. Nikamwambia ni kweli tupu. Akatoa laki na nusu bila kuomba kupunguziwa.